Mwacheni Kijana Acheze

Maneno niliyoyasikia kwa kinyozi mmoja wa Jericho, Nairobi, wiki hii yamekataa kunitoka. Runinga ilikuwa ikirudia mabao ya mashindano ya CHAN ya mwaka 2025. Alipoonekana Ryan Ogam akiwafunga Morocco pale Kasarani, Agosti 10, katika mechi ambayo Kenya ilimaliza na wachezaji kumi baada ya Chrispine Erambo kulishwa kadi nyekundu, jamaa aliyekuwa akinyolewa akasema, "Huyu naye keshaenda majuu. Atatusahau kama wale wengine." Mwingine kwenye benchi akadakia kwamba kuna kijana wa mtaa wa pili anayecheza nje, mwaka wa ngapi sijui huu, na hajaleta hata mipira miwili. Waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kama watu waliodhulumiwa.

Nilitoka pale moyo umechafuka. Ogam alikuwa na umri wa miaka 20 alipofunga bao lile. Wiki moja baadaye akawafunga Zambia bao la pekee la mechi. Kenya ikatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, na muda mfupi baadaye kijana akahama Tusker, akajiunga na Wolfsberger AC ya Austria, klabu iliyokuwa imetwaa Kombe la Austria mwaka huohuo. Kabla hata hajajua jirani yake anaitwa nani huko, huku Eastlands tayari ana kesi ya kusahau.

Tunajua tunachomdai? Mshambuliaji ni mchezaji anayehukumiwa kwa hesabu ya mabao, wiki baada ya wiki. Akikaa mechi sita bila bao, kocha humweka benchi na kumwita mwenzake aliyekuwa akipasha misuli moto. Anakula peke yake, anasikia lugha asiyoielewa, baridi inamwingia hadi kwenye mifupa, na goti lake ndilo ajira yake yote. Simu ikilia saa nne za usiku, upande wa pili yuko binamu anayetaka karo, rafiki wa darasa la saba anayetaka mtaji wa bodaboda, mwenyekiti wa timu anayetaka jezi. Kila mmoja wao ana shida ya kweli. Lakini kijana ni mmoja.

Mtazameni Dennis Oliech, ambaye wengi wetu tuliimba jina lake. Alitoka Mathare United, zao la mitaa hii, akaenda Al-Arabi ya Qatar, akapita Nantes, akatua Auxerre mwaka 2007. Msimu wa 2009/10 Auxerre ilimaliza ya tatu Ufaransa, na msimu uliofuata ikawa kundi moja na Real Madrid, AC Milan na Ajax katika Ligi ya Mabingwa. Mtoto wetu alikuwa huko. Mwaka 2012 timu hiyohiyo ikashuka daraja naye akahamia Ajaccio. Kufikia Januari 2019, akiwa na miaka 33, alikuwa amerudi nyumbani kuvaa jezi ya Gor Mahia. Hebu pimeni wenyewe ule muda wa neema ulikuwa mrefu kiasi gani. Mwalimu wa shule ya msingi ana miaka mingi zaidi ya kujipanga kabla ya kustaafu kuliko mshambuliaji.

Najua jibu litakalokuja. "Lakini mtaa ndio uliomlea." Ni kweli, na sitaki kulikwepa jibu hilo, kwa sababu wanaolitoa si wote walafi. Yupo kocha mmoja hapa Jericho anayefundisha watoto Camp Toyoyo kila jioni. Namfahamu. Anawanunulia njumu za mitumba Gikomba kwa pesa zake. Mtoto asipofika mazoezini siku mbili, yeye ndiye anayepanda ngazi za ploti kumuulizia kwa mama yake. Amewahi kulipa faini ya timu kwa pesa ya kodi ya nyumba. Ukiniambia mtu kama huyo anastahili shukrani na pesa, sitabishana nawe hata kidogo. Nitakachopinga ni kijana kudaiwa.

Anayepaswa kumlipa kocha huyo ni klabu inayonunua. Sheria za FIFA zimesema hivyo tangu mwaka 2001. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyomsajili hupata robo ya asilimia 1 ya ada nzima. Kuanzia miaka 16 na kuendelea, kila msimu ni nusu ya asilimia 1. Kando ya hiyo kuna fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Klabu haihitaji kuwa ya ligi kuu wala kuwa na uwanja wake. Inahitaji kuwa imesajiliwa, na mtoto awe amesajiliwa ndani yake.

Chukueni mfano wa Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa, ingawa yeye alikuwa kiungo. Julai 2013 Celtic ilimuuza kwa Southampton kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 12.5. Robo ya asilimia 1 ya pesa hizo ni pauni 31,250, yaani takriban shilingi milioni 4 kwa viwango vya wakati ule. Hiyo ni kwa msimu mmoja tu wa mtoto wa miaka 12 au 13. Timu ya mtaani ikipata milioni 4 mara moja, itanunua mipira, itawalipa makocha, itakodi basi la kwenda mechi za ugenini kwa miaka. Na mchezaji mwenyewe hatoi hata senti kutoka mfukoni mwake.

Ili kujua kama angeweza kudai pesa hizo, nilimwomba yule kocha wa Jericho anionyeshe daftari lake. Ni daftari la mistari, jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo zimeingia maji. Ndani kuna majina: Kevo, Baraka Mdogo, Baraka Mkubwa, Mose wa Ofafa. Hakuna tarehe ya kuzaliwa hata moja. Hakuna jina la ukoo. Hakuna nambari ya shirikisho. Nilimuuliza wangapi kati ya hao wamesajiliwa FKF, shirikisho la soka la Kenya. "Bado," akasema. "Hao ni watoto tu." Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo maalumu cha malipo kinachofuata rekodi za usajili za kielektroniki. Kikimtafuta aliyemlea Baraka Mdogo akiwa na miaka 12, hakitakuta kitu, na miaka ile ya njumu za Gikomba itahesabiwa kana kwamba haikuwapo. Madai nayo yana muda wake. Ukikaa zaidi ya miaka miwili bila kudai, haki yako imekufa.

Wapo watakaosema hata tukisajili watoto, pesa italiwa na wakubwa kabla haijafika Jericho. Hofu hiyo ina sababu, Wakenya tumeona mengi katika soka. Lakini pesa inayolipwa kwa akaunti ya klabu, kwa jina la klabu, kwa kiasi kilichoandikwa, mtu akiila unaweza kumshtaki na kumtaja. Pesa anayoombwa kijana kwa simu usiku haina risiti, na mara nyingi anayeipata ni mwenye sauti kubwa kuliko wote, huku kocha aliyefua jezi akikosa.

Desemba 2024 McDonald Mariga, kaka yake Wanyama, alichaguliwa makamu wa rais wa FKF, chini ya Hussein Mohammed. Mariga anaijua Kamukunji, na anajua vumbi la viwanja hivi kabla ya kuijua Parma na Inter Milan. Namwomba yeye, kwa heshima zote, jambo moja: maofisa wa usajili wapelekwe viwanjani Jumamosi, Toyoyo, Dandora, Kariobangi, Umoja, na mtoto wa miaka 12 asajiliwe bila kutozwa chochote. Wazazi waje na vyeti vya kuzaliwa. Wasio navyo wasaidiwe kuvipata hapohapo, chifu awepo.

Na sisi tulio kwa vinyozi, kijana akifunga huko nje tushangilie. Asipofunga, tumuulize hali yake. Akitaka mwenyewe siku moja kuleta mipira, tutaipokea kwa mikono miwili na kumwambia asante. Asipoleta, bado hajatukosea lolote.