Aliyeokoka na Mizani Yake



Tunawaandikia juu ya neno lililotugawanya sisi mashemasi hapa Kolwezi. Mnunuzi mmoja wa kobalti aliinua mkono katika mkutano wa jioni, akaombewa, akalia machozi. Siku ya tatu akatujia na kuuliza: “Baba shemasi, mmesema dhambi zangu zimefutwa. Sasa na mizani yangu nifanye nini?” Maana mizani ile ilikuwa imechezewa, na wachimbaji waliomletea magunia walilipwa pungufu.

Wamoja wetu walisema: Damu ya Yesu imeosha yote. Tukimwambia arudishe, tunamweka tena chini ya sheria, na wokovu unakuwa kitu cha kununua. Wengine walisema: Asiporudisha, hajatubu. Kulikuwa na neno la tatu, ambalo hakuna aliyelitamka: mtu huyu alikuwa ameahidi mabati ya kanisa letu.

Tuangalie Maandiko. Mlinzi wa gereza la Filipi aliuliza afanye nini apate kuokoka (Matendo 16). Aliambiwa amwamini Bwana. Hakuambiwa alete kitu. Lakini usiku ule ule aliosha majeraha ya Paulo na Sila. Naye Zakayo (Luka 19) aliitwa na Yesu kwanza, akiwa bado juu ya mti. Kisha akaahidi kurudisha mara nne. Basi kurudisha si bei ya wokovu. Moyo ukigeuka, mkono nao unageuka.

Mtu atauliza: Na yule mwizi msalabani alirudisha nini? Hakurudisha kitu, kwa sababu mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Mikono yetu sisi iko huru.

Lakini kosa la kwanza lilikuwa letu. Katika mkutano ule tulimwitaje? Tulisema: Njoo kwa Yesu, biashara yako itafunguka! Mji wetu unajua tamaa na hofu. Mwaka 2014 kobalti ilipoonekana Kasulo, watu walichimba hata ndani ya nyumba zao. Mwezi wa Juni 2019 udongo uliwaangukia wachimbaji katika machimbo ya KOV, zaidi ya 30 wakafa. Watu wa namna hii ni rahisi kuwavuta kwa ahadi ya mali, au kuwatisha kwa kaburi. Lakini aliyevutwa na faida atashikamana na faida, hata ikitoka katika mizani mbovu.

Simon Kimbangu alipohubiri Nkamba mwaka 1921, watu walitupa hirizi zao, na waume wakafundishwa kukaa na mke mmoja. Yeye mwenyewe alipata nini? Alihukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa huku kwetu Katanga. Alikufa katika gereza la Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Injili ya namna hiyo haiahidi biashara.

Basi tulimjibu mnunuzi: Umesamehewa bure. Nenda ukanyoshe mizani, ukawatafute wale unaowajua. Tukamwomba pia atusamehe kwa namna tulivyomwita.

Ameanza. Baadhi amewalipa. Wengine wamehamia machimbo ya mbali, wengine wamefariki. Fungu la hao tumemwambia alipeleke kwa wajane na yatima, asilete kanisani. Mabati hayajanunuliwa. Mvua ikinyesha tunasogea upande mkavu, na ibada inaendelea.

Nawe ndugu usomaye, labda hununui madini. Lakini mwalimu anayo mizani, mama wa sokoni anayo, na shemasi anayo. Uliyoipunguza unaijua. Bwana atupe sote neema ya kuinyosha.

Amina.