Fungu la Maua

Katika vijiji vya Omani vinavyoishi kwa falaji, yaani mifereji ya jadi ya kugawia maji, maji yana utaratibu wa kushuka usiovunjwa kwa matakwa ya mtu: kwanza hupita mahali pa kuteka ya kunywa, kisha msikitini na penye kuogea, kisha huingia katika mitende, na yakisalia ndipo huelekezwa kwenye makonde ya msimu, penye ngano, vitunguu na majani ya mifugo. Wakili wa falaji hulinda zamu za wenye haki. Zamu huhesabiwa kwa athar, ambayo ni kadiri ya nusu saa, na zamani mchana zilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota ambazo kila mkulima alizijua kwa majina. Tano katika falaji hizo, Daris ya Nizwa ikiwa mojawapo, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na kwa insafu zilistahili. Nimezitazama hesabu hizo kwa staha kubwa, na kila nilipozitazama nimekuta kwamba maua hayamo. Mtende una haki yake, punda ana haki yake, maiti anayeoshwa ana haki yake. Asumini hana athar hata moja.

Jambo hili ni zito kwa mtu akaaye Maskati kama mimi, ambaye kuta za nyumba yake zimevikwa mimea itambaayo. Mvua ya mji huu kwa mwaka mzima ni takriban milimita 100, ilhali Unguja, walikozaliwa wazee wangu, hupata zaidi ya 1,500. Hari ya kiangazi nayo haina likizo ya usiku: mwishoni mwa Juni 2018, huko Quriyat, pwani ya kusini-mashariki ya Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24 nzima. Tena kuna upepo uitwao gharbi, utokao jangwani ukielekea baharini, ambao hulikausha jani changa likabaki kuvunjika mkononi. Maji ya mfereji wa nyumbani ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo na kwa gharama, na visima vya Batina, kwa kuvutwa kupita kiasi, vimeingiliwa na bahari. Sisi tuliofundishwa chuoni kwamba isirafu imekatazwa hata kwa mtu atawadhaye ukingoni mwa mto utiririkao, hatuwezi kumwagia maua maji ya namna hii bila ya kuzitafutia dhamiri zetu hoja.

Hoja yangu nilipewa na jirani, mzee mwenye asili ya Nizwa aliyekulia katika mitende ya baba yake. Aliniuliza, kwa upole na bila ya nia ya kunitahayarisha, mmea ule uliopanda hadi darini huzaa nini. Nilimjibu kuwa hauzai kitu cha kuliwa. Akafikiri, kisha akaniambia, mwanangu, kwao mmea usiozaa hupewa maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Sijasikia hukumu ya haki kuliko hiyo. Haikulinyima ua fungu lake wala haikulipa fungu la mtende. Ililiweka mahali pake, mwisho wa mstari, na ikaniachia mimi wajibu wa kuhakikisha kwamba mwisho wa mstari panafika kitu.

Na hakika panafika, kwa mwenye kutazama. Maji ya udhu yasiyo na sabuni, maji ya kuoshea mchele na mboga, na zaidi ya yote maji yadondokayo katika viyoyozi, ambayo katika miezi ya Julai na Agosti, pwani inapojaa unyevu, hujaza ndoo kwa usiku mmoja nayo hayana chumvi kabisa, hayo yote katika nyumba nyingi za mji huu hupotelea barabarani. Mimi huyaweka kwenye mapipa, na ndiyo yanayolisha kuta zangu.

Mtu akipenda kuanza kwa mmea mnyenyekevu, na aanze kwa bogenvilia. Asili yake ni Brazili. Mfaransa Philibert Commerson aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767, katika msafara wa merikebu za Louis Antoine de Bougainville, na pamoja naye alikuwepo Jeanne Baret, msaidizi wake, aliyesafiri katika nguo za kiume kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa merikebuni, na ambaye anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuizunguka dunia. Natamani jina la mmea lingekuwa lake. Yale tunayoyaita maua, ya zambarau, ya manjano na ya rangi ya chungwa, ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijichombo cheupe kilichojificha katikati. Hulka yake ni ya ajabu: ukiupa maji tele na samadi nyingi hukulipa majani matupu, bali ukiuacha ukaona kiu kidogo, na usiku ukazidi kuwa mrefu baada ya Oktoba, hujifunika rangi hadi fito zisionekane. Mizizi yake ni myepesi kuvunjika, basi anayeupandikiza na apasue mfuko wa kitalu shimoni humo humo, asiutingishe.

Wapo wengine wa tabia ya uvumilivu. Upo ule utokao Meksiko, Antigonon leptopus kwa jina la wataalamu, wenye vishada vya waridi hafifu, ambao huweka akiba yake katika viazi chini ya ardhi, ukatwe au ukauke hurudi, nao hupendwa mno na nyuki. Ila unataka kuangaliwa, maana ukiachiwa hutwaa uwanja wote. Upo pia Combretum indicum, wa nchi za Asia, ambao ua lake hufunguka magharibi likiwa jeupe lenye harufu, nondo wa usiku wakalijia, kesho yake likawa la waridi, na siku ya tatu jekundu, hata kishada kimoja kikabeba umri wote wa ua kwa wakati mmoja.

Lakini asumini ni habari nyingine, na hapa ndipo hoja yangu inapopata mtihani. Asumini si mvumilivu. Udongo wetu una chokaa nyingi, na katika chokaa madini ya chuma, hata yakiwemo, hayapatikani kwa mizizi yake, basi majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mpaka umpe samadi iliyooza vizuri na dawa ya chuma. Anataka jua la asubuhi na sitara ya alasiri. Ukimweka ukuta wa magharibi unamuua. Na kiangazi, wakati ambao kila kiumbe hupunguza haja zake, kwake yeye ndio wakati wa kuchanua, na kwa hiyo ndio wakati wa kuomba maji zaidi. Kwa mizani ya matumizi, hana utetezi.

Ningeweza kumtetea kwa kivuli, kwa kuwa ni kweli kwamba ukuta uliovikwa majani haupashi nyumba joto kama ukuta mtupu. Lakini sitaki kuegemea hoja hiyo, kwa sababu siyo iliyonifanya nimpande. Nimempanda kwa sababu wanawake wa aila yangu, walipohamia Omani katika miaka iliyofuata 1970, Sultan Qaboos bin Said alipowaita Waomani waliotawanyika warejee kuijenga nchi, walileta lugha, mapishi ya nazi, na ada ya asumini. Hawakuiona kuwa ni pambo. Tumba zilichumwa alasiri, kabla hazijafunguka, zikatungwa pamoja na mrehani na mkadi zikawa kikuba. Kikuba kikavaliwa harusini, kikawekwa kwenye kitanda cha maharusi, kikapelekwa kwa mgeni kuwa ni dalili ya hisani. Binti aliyezaliwa Maskati, ambaye Unguja kwake ni hadithi za bibi, anajua bila ya kufundishwa kwamba jioni yenye harufu ile ni jioni ya watu wake. Kitu kinachofanya kazi hiyo siwezi kukiita hakizai. Naona tu kwamba zao lake halipimwi kwa kikapu, na kwa hiyo falaji, iliyowekwa kwa ajili ya kuwaokoa watu na njaa, ilikuwa na haki ya kutolihesabu, nami nina haki ya kulihesabu, maadamu nalilipia kwa jasho langu na si kwa fungu la mwenzangu.

Jasho lenyewe ni la namna hii. Nampanda Oktoba au Novemba, ili apate msimu mzima wa baridi wa kushusha mizizi. Pembeni yake nafukia mtungi wa udongo usiotiwa rangi, wa namna wanayofinyanga mafundi wa Bahla, naujaza maji na kuufunika, na udongo unaouzunguka huyavuta kidogo kidogo kadiri unavyokauka, bila ya jua kupata sehemu yake. Juu natandaza makuti ya mtende yaliyokatwakatwa. Kiangazi cha kwanza namsimamishia makuti mazima upande wa magharibi. Fito za kupandia naziweka mbali na ukuta kadiri ya dhiraa, ili hewa ipite, nami situmii vyuma, kwani chuma cha Juni hukiunguza kikonyo kinachokishika. Kamba ya mtende inatosha. Maji natia kabla ya alfajiri, kwa nadra na kwa wingi, yazame mbali, kwa kuwa maji ya juu juu huilea mizizi palipo na moto na huacha chumvi ikijikusanya hapo hapo.

Nikiyaandika haya nina watu mahsusi ninaowakusudia. Kila mwaka, hewa ikianza kupoa, naona magari yakishusha mbele ya nyumba mpya maelfu ya maua ya msimu yaliyolelewa vitaluni, yakapangwa, yakamwagiwa maji mazuri asubuhi na jioni, na yakifika Mei yakang'olewa yamekwisha kufa, yakasubiriwa mengine. Hiyo naiita isirafu bila ya kusita, na nasikitika kwamba inaitwa bustani, ilhali mtambaa mmoja uliopandwa kwa subira ungaliupamba ukuta ule ule kwa umri wa mtoto kukua na kuoa. Sababu yake aghalabu haiko kwa mwenye nyumba. Iko kwa mjenzi, ambaye huiweka marmar na saruji kutoka mlangoni hadi mguuni mwa ukuta wa ua, asibakishe ardhi ya kupokea mzizi.

Basi kwa yeyote anayejenga mwaka huu, Maskati au Sib au Barka, ombi langu ni dogo na halimgharimu kitu: amwambie fundi wake aache utepe wa udongo mtupu, upana wa dhiraa moja, chini ya ukuta unaotazama mashariki, na bomba la kiyoyozi alielekeze huko. Vipandikizi ninavyo, vya asumini na vya bogenvilia, na huwapa wanaobisha hodi.