Jina Lililo Kifuani

Siku moja baada ya sala ya Alasiri, hapa Mazimbu, Morogoro, alinijia kijana wa chuo. Alivaa fulana ya mtumba, ya buluu, yenye nambari 42, jina la Robinson na mwaka 1947. Aliuliza kama yajuzu kusali na nguo yenye maandishi. Nilimjibu kwa ufupi: picha ya kiumbe ni karaha, na maandishi yanayomshughulisha mwenye kusali ni bora yaepukwe, ila sala haibatiliki. Kisha nami nikamwuliza, "Huyu Robinson ni nani, mwanangu?"

Akacheka. "Sijui, Maalim. Ni fulana tu."

Jawabu hilo lilinikaa moyoni. Sisi tumefundishwa kwamba mtu hashuhudii ila alijualo, na mwenye kutembea na jina la mtu kifuani amekwisha kumshuhudia mbele za watu, apende asipende.

Jackie Robinson alikuwa Mmarekani mweusi, mchezaji wa besiboli, mchezo wao wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Ligi kuu zilikuwa za weupe watupu kwa zaidi ya miaka 50, mpaka tarehe 15 Aprili 1947 alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers. Mkuu wa timu, Branch Rickey, alikuwa amemshurutisha asijibu matusi, naye akayastahimili, na matusi yalikuwa mengi. Tangu 1997 nambari ile haipewi mchezaji mwingine, na kila mwaka siku hiyo wachezaji wote huivaa kwa kumkumbuka.

Mimi lililonigusa ni jingine. Oktoba 1972, hali mgonjwa na nuru ya macho imempungua, aliitwa uwanjani atukuzwe kwa kutimia miaka 25. Alishukuru. Kisha, pale pale mbele ya watu, akasema angefurahi zaidi siku atakapomwona mtu mweusi akiiongoza timu. Baada ya siku tisa akafa. Mweusi wa kwanza alipewa kazi hiyo 1974. Basi heshima walikuwa tayari kumvika, lakini lile alilolitaabikia walikuwa bado hawajalitoa.

Nikamwuliza kijana habari za Solomon Mahlangu, ambaye kampasi anayosoma inaitwa kwa jina lake. Alijua kwamba ni mtu wa Afrika Kusini, basi. Simcheki, kwani nami nilipita miaka kadhaa karibu na makaburi ya wakimbizi wale nisiulize. Mahlangu alinyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, umri wake miaka 22. Chama cha ANC kikaiita kwa jina lake shule yake iliyokuwa hapa, katika shamba la zamani la mkonge walilopewa na serikali yetu, na 1992 wakaikabidhi Tanzania.

Sasa niseme la kwangu. Kibao cha madrasa niliyosomesha kule pwani kimeandikwa Bilal, kwa hati nzuri. Ndiye Bilal bin Rabah aliyekuwa mtumwa, Sayyidna Abubakar akamnunua na kumwacha huru, na Mtume (S.A.W.) akamfanya mwadhini wake. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu, aliyehifadhi Kurani, alipeleka posa. Mzee wa binti akaniita. Alikiri kwamba dini ya kijana na tabia zake hazina dosari, kisha akainamisha sauti: "Lakini Sheikh, asili yake?" Nilijua alitaka nini, maana babu zake kijana walikuwa watumwa. Nikasema haya ni mambo ya wazee wa nyumba, nikamaliza kahawa yangu, nikaondoka. Posa ilirudishwa.

Yule wa fulana nilimwambia asiivue, ila akamsome mwenyewe. Yeye hakuwa na kosa ila kutojua. Mimi jina lililo juu ya mlango wangu nilikuwa nikilisomesha.