JE, HOFU NI UPUNGUFU WA IMANI?



Kwa muda wa miaka mitatu niliombewa mara nyingi kuliko mtu yeyote katika mtaa wetu. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nilikuwa mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Kisha ghafula nikawa mtu wa kutetemeka. Shambulio lilikuja bila hodi, pengine nimeinama kufunga kamba za viatu, pengine nimeketi kimya kanisani. Moyo ulidunda mbio, kichwa kikauma kama kinapasuka, jasho likanitoka hata shati likashikamana na mgongo, uso ukapauka. Na juu ya hayo yote kulikuwa na hofu. Haikuwa hofu ya kitu fulani. Ilikuwa hofu tupu, kama ya mtu aliyeambiwa kwamba anakufa saa hii hii. Baada ya nusu saa hivi ilipita, nami nikabaki hoi kama niliyelima kutwa.

Ndugu mmoja, ambaye nampenda hata leo, aliniambia kwa upole kwamba Mkristo mwenye amani ya Kristo haogopi namna ile, kwa hiyo nitafute ni dhambi gani sijaiungama. Nikatafuta. Mtu akitafuta dhambi katika maisha yake hakosi kuziona. Nami niliziona nyingi, nikaziungama, na Jumanne iliyofuata shambulio likarudi. Wengine walinong'ona kwamba nimerogwa. Katika zahanati niliambiwa nina presha na mawazo mengi, nikapewa vidonge na kuonywa niache chumvi.

Ndipo mwaka 2021 daktari mmoja kijana aliponipima presha wakati shambulio likiwa limenishika. Ilikuwa 230 kwa 130. Baada ya saa moja akapima tena, ikawa imeshuka sana. Akaniagiza nikusanye mkojo wa saa 24 katika dumu, upelekwe maabara, kisha nipigwe picha ya tumbo. Juu ya figo yangu ya kulia palionekana uvimbe ukubwa wa limau.

Yafaa nieleze kidogo. Kila mwanadamu ana tezi mbili ndogo ziitwazo adrenali, moja juu ya kila figo, na kila moja ina uzito wa gramu chache tu. Humo hutoka adrenalini, ile homoni inayomfanya mtu akimbie akikutana na nyoka: moyo huenda mbio, damu hupanda, jasho hutoka. Uvimbe wangu, ambao waganga huuita feokromositoma, ulikuwa ukimwaga homoni hiyo na ndugu zake katika damu bila nyoka yeyote kuwapo. Ugonjwa huu ni adimu: kila mwaka hugunduliwa kwa watu wachache tu katika kila milioni moja. Kwa hiyo siwalaumu wa zahanati kupita kiasi. Mwenye kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio kwa kawaida ana kitu kingine.

Mwaka 1886 huko Freiburg, Ujerumani, daktari Felix Fränkel aliandika habari za msichana wa miaka 18 aliyekufa baada ya mashambulio kama yangu. Katika maiti yake waliona vivimbe katika tezi zote mbili. Ikapita miaka 40 hata mgonjwa wa namna hii akapona kwa kisu. Mwaka 1926 César Roux alifaulu Lausanne, Uswisi, na mwaka huo huo Charles Mayo akafaulu Rochester, Marekani. Mgonjwa wa Mayo alikuwa mtawa. Nimefikiri sana juu ya mama yule. Sijui kama kuna aliyemwambia kwamba hana imani, lakini mtawa anayetetemeka bila sababu bila shaka alijiuliza mwenyewe.

Basi, je, hofu yangu ilikuwa upungufu wa imani? La hasha. Ilikuwa maji ya tezi. Bwana wetu mwenyewe alitokwa na jasho bustanini, na hatumhesabii kuwa ni kosa. Nasikitika kwamba niliitikia amina nilipohukumiwa, kwa maana nami niliwahi kuwahukumu wengine hivyo hivyo. Kulikuwa na mjane mmoja hapa mtaani aliyekuwa akilia ovyo ibadani, nami nikamwambia ajikaze. Sikumwuliza hata kama anapata usingizi.

Ningeweza kuishia hapo, nanyi mngeridhika. Lakini swali lina upande wa pili, nao ndio ulionisumbua zaidi.

Katika miaka ile ya ugonjwa, washenga walikuja nyumbani kumposa binti yangu. Kwa jambo dogo sana la mahari nilipandwa na hasira, nikapiga meza, nikamtukana binti yangu mbele ya wageni kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la kanisa. Washenga wakaondoka, chai yao haijanywewa. Posa ile haikurudi.

Baada ya upasuaji daktari alisema kwamba homoni ile ikizidi mtu huweza kuwa mwepesi wa kushtuka na kukasirika. Mke wangu alifurahi mno. Aliwaambia akina mama wote, "Haikuwa yeye, ulikuwa ule uvimbe." Nami nikaipokea ile fimbo nikaiegemea. Nilisoma kwamba hata Eisenhower, rais wa Marekani toka 1953 hadi 1961, aliyejulikana kwa hasira zake, alipokufa mwaka 1969 na mwili wake kuchunguzwa, alionekana na uvimbe wa namna hii wa sentimita moja na nusu. Habari ile madaktari waliiandika mwaka 2007. Nikaona niko pamoja na wakubwa.

Nikamwambia binti yangu, "Mwanangu, ulikuwa uvimbe." Aliniangalia, kisha akauliza, "Na kabla ya uvimbe, baba?"

Sikuwa na jibu. Nilifundisha miaka 31, na wanafunzi wangu wanaosoma gazeti hili wanaikumbuka sauti yangu. Tezi ilizidisha moto, lakini kuni nyingine zilikuwa zangu. Ni ngapi, sijui. Hakuna mizani ya kupimia. Nadhani haki ni hii: aliyekosewa asitakiwe kufanya hesabu hiyo. Niliyekosa ndimi, niombe radhi kwa yote, na daktari abaki na uvimbe wake.

Juu ya upasuaji wenyewe nitasema machache. Huwezi kukimbilia kisu, maana uvimbe ukiguswa bila matayarisho waweza kumwaga homoni yote na kumwua mgonjwa mezani. Kwa majuma mawili nilimeza dawa ya kulegeza mishipa, pua ikaziba, kila niliposimama nikaona kizunguzungu, na mimi niliyeonywa chumvi miaka mitatu nikaambiwa sasa nile chumvi na kunywa maji mengi. Mke wangu hakuamini mpaka alipoambiwa na daktari mwenyewe.

Nilipozinduka kulikuwa kimya ndani yangu. Nilikuwa nimesahau kimya kile. Nikawaza: amani hii ni ya Kristo au ni ya kisu? Kwa kuwa mkono wa mpasuaji pia ni wa Mungu, sikuona haja ya kuchagua. Ila kama hofu ile haikuwa dhambi yangu, basi na utulivu huu si utakatifu wangu.

Watu walitaka nitoe ushuhuda Jumapili ya tatu. Nilishindwa hata kupanda ngazi za kanisa. Kwa miezi mitano nilikuwa kama nguo iliyokamuliwa, nalala mchana, nalia kwa jambo dogo, nikaona haya kwamba nimepona na bado sijapona. Padre alinikumbusha habari za Eliya chini ya mretemu, jinsi malaika asivyomhubiria, bali alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Basi nikalala. Tezi moja iliyobaki yanitosha, ila kila mwaka sina budi kupimwa, kwa kuwa uvimbe huu huweza kurudi baada ya miaka mingi.

Tena, katika kila wagonjwa watatu, kama mmoja ameurithi. Yule msichana wa Freiburg alikuwa hivyo: mwaka 2007 wachunguzi walionyesha kwamba jamaa zake walio hai wanao urithi ule. Kwa hiyo watoto wangu nao waliitwa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu hospitali. Alibeba dumu lake ndani ya kikapu, amelifunika kwa khanga. Tulikaa kwenye benchi saa mbili nzima. Hapo nilimwomba msamaha kwa siku ile ya washenga na kwa siku nyingine nilizozikumbuka, wala sikuutaja uvimbe. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia nisogee, foleni inakwenda.