Diski Ngumu ya Mwalimu wa Kibaha

Tuchukue mwalimu wa hesabu wa Kibaha, mwaka 1994, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Simpi jina wala shule. Nimemuunda mimi ili afundishe, lakini yaliyompata yanafuata jinsi kompyuta za wakati ule zilivyokuwa, na wengi waliozitumia watajiona humu.

Nyumbani anayo kompyuta ya mtumba aina ya XT, shemeji yake kamletea kutoka Dubai. Ina draivu mbili za disketi na haina diski ngumu. Ukitaka kufanya kazi unaingiza disketi ya kuamshia mashine, unaitoa, unaingiza ya programu, na kwenye draivu ya pili unaweka ya kazi yako. Kila disketi inabeba kilobaiti 360. Ukikosea ukatoa disketi kabla taa haijazimika, kazi ya jioni nzima inaweza kupotea. Yeye ndiye anayeandaa matokeo ya mtihani wa utamirifu wa kidato cha nne, na anachoka.

Kariakoo anaonyeshwa diski ngumu iliyotumika, ya megabaiti 20. Hizo ni zaidi ya disketi 55 ndani ya kisanduku kimoja, na mashine inaamka yenyewe. Bei yake ni mishahara ya miezi kadhaa. Kabla ya kulipa anakwenda kumuuliza mwalimu mwenzake wa Kisarawe, aliyemtangulia kazini, mwenye kompyuta kama yake na printa juu.

"Usinunue, mdogo wangu," anaambiwa. "Hela hiyo nunua maboksi ya disketi na stabilaiza. Serikali yenyewe iliungua na mashine hizi."

Maneno hayo yana historia. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baadaye ikaja ya mfululizo wa ICL 1900. Hesabu za serikali zilipohamishiwa humo zikavurugika, fedha nyingi zikapotea, na wizara ikalazimika kurudi kwenye mashine za kawaida za hesabu. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, asiyekuwa na kibali maalumu asilete. Mimi naona funzo lililochukuliwa pale halikuwa sahihi. Wizara iliumia kwa sababu ilihamia kwenye mtambo kabla ya kuwa na watu wa kutosha wanaoumudu, na marufuku ikawanyima watu hao nafasi ya kupatikana. Masharti yalipolegezwa, mashine zikaja moja moja, zimetumika tayari, mara nyingi bila vitabu vyake. Muuzaji alijua bei. Namna ya kuitunza, ulijitafutia mwenyewe.

Mwalimu wa Kibaha akanunua. Na hakukosea kununua, hilo nalisema mapema, kwa kuwa wanaosimulia visa vya namna hii hupenda kumlaumu mtu kwa kutaka kitu kizuri. Kazi iliyomchukua wiki ikawa ya siku mbili. Diski ilikaa mahali pa draivu moja, ikabaki moja. Baada ya muda ile iliyobaki ikaacha kusoma, kwa vumbi, naye hakuihangaikia. Ya nini, na kila kitu kimo ndani? Disketi zake za zamani akazigawa kwa walimu wengine.

Hapo ndipo pa kupatazama sana. Tangu siku ile hapakuwa na njia ya kutoa faili lolote ndani ya mashine isipokuwa kwa kulichapa, na yeye hana printa.

Matokeo ya utamirifu yakawa tayari: wanafunzi wapatao 400, kila mmoja na masomo yake. Hesabu ni nyepesi. Ukimpa kila mwanafunzi herufi 100, zote ni 40,000, na disketi moja inachukua zaidi ya 360,000. Matokeo yote yangeingia kwenye disketi moja na kubebwa kwenye mfuko wa shati hadi kwa mwenye printa. Badala yake akabeba kompyuta. Akaizima, akaifunga kwa kanga, akapanda basi kutoka Maili Moja hadi Ubungo, kutoka hapo Buguruni, halafu Gongo la Mboto, na mwisho kwenye sanduku la pikapu kupanda milima ya Pugu kwenda Kisarawe.

Ndani ya diski ngumu ya zama zile mna sahani za alumini zinazozunguka mara 3,600 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinavyoelea juu yake kwa mwanya wa kama nusu ya maikroni. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko mwanya huo mara mia na zaidi. Umeme ukikatika vichwa vinatua juu ya sahani, na katika diski nyingi za bei nafuu vilitua popote vilipokuwa, hata juu ya maandishi. Ndiyo maana kulikuwa na amri ya kuegesha vichwa: unaiandika kabla ya kuzima, vinasogea pembeni pasipo na kitu, ndipo unaruhusiwa kuinyanyua mashine. Mwalimu hakuwa amewahi kuisikia. Kila shimo la barabarani likavigonga vichwa kwenye sahani.

Kisarawe waliiwasha. Ikavuma, ikagonga mara kadhaa ndani kwa ndani, kisha maandishi yakatokea kuwa diski haionekani.

Asidhani mtu kwamba diski mpya ingemkinga. Amstrad ya Uingereza ilipotoa kompyuta zake za mfululizo wa PC2000 mwishoni mwa miaka ya 1980, diski za Seagate zilizokuwemo zilileta hitilafu, mashine zikarudishwa. Amstrad ikafungua kesi, na mwaka 1997 Seagate ikaamriwa kulipa takriban dola milioni 93. Amstrad ililipwa fidia. Faili za mnunuzi hakuna mahakama iliyoweza kuzirudisha.

Shuleni walikusanya upya alama kutoka kwenye madaftari ya walimu wa masomo. Wa jiografia alikuwa amekwisha kuchana karatasi zake, akiamini zimo kwenye kompyuta, na wanafunzi wakapeleka nyumbani ripoti yenye nafasi tupu mbele ya somo hilo. Kijana aliyekuwa akitegemea alama hiyo kumshawishi baba yake aendelee kulipa ada hakuwa na la kuonyesha.

Na yule wa Kisarawe aliyekataza? Alifungua boksi lake la disketi ili amsaidie mwenzake, akakuta ukungu. Unyevunyevu wa vilima vile vyenye msitu ulikuwa umeotesha madoa juu ya utando wa sumaku, na mitihani yake ya miaka miwili haikusomeka. Kutonunua hakukumwokoa. Naye nakala yake ilikuwa moja, chumba kimoja, kabati moja.

Wakakubaliana. Draivu ya Kibaha ikatengenezwa kwanza, kabla ya jambo lingine. Kila mwisho wa mwezi aliyekuwa na safari ya mjini alibeba disketi za kazi mpya akaziacha kwa jamaa yao wa Buguruni, na mwenzake akazifuata huko. Za Kibaha zikalala Kisarawe, za Kisarawe zikalala Kibaha, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililokazwa kifuniko. Kila zilipofika zilifunguliwa kuona kama zinasomeka. Mwaka uliofuata mwalimu wa Kibaha akanunua diski ngumu nyingine, na mkubwa wake wa Kisarawe akamtuma amnunulie na yeye.