Heshima ya Miaka Michache

Huko Canton, Marekani, liko Jumba la Heshima la wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatia mpira na kukimbia nao. Mwaka 1977 aliingizwa humo Gale Sayers wa Chicago, mwenye umri wa miaka 34, aliyecheza michezo 68 tu kabla ya kushindwa na magoti. Je, na yule aliyetoka jasho miaka kumi na mitano? Swali hilo twalijua tangu shamba la mizabibu la Injili.

Hata hivyo tusiwabeze waulizao. Heshima haitolewi kwa huruma, wala kwa yale ambayo mtu angaliyafanya kama asingaliumia. Lakini Sayers alifanya. Mwaka 1965, mwaka wake wa kwanza, alivuka na mpira mstari wa ushindi mara 22. Mwaka 1969, baada ya kupasuliwa goti, alikimbia yadi 1,032, akawapita wote. Hayo ndiyo yapimwe. Kanisa lilipomtangaza Kizito kuwa Mtakatifu mwaka 1964, halikumhesabia siku za Ubatizo wake, ambazo hazikufika kumi.

Yule aliyevunjika katika mchezo wa pili, kabla hajatenda neno, twamsikitikia kwa moyo; lakini jumba lile si lake.