Kiokotwe Kwanza

Somo: Yohana 6:1–13



Mwaka 1998, nje kidogo ya mji wa Nsukka, Nigeria, msanii El Anatsui alikuta mfuko umetupwa kichakani. Ndani mlijaa vifuniko vya chupa za pombe kali, vile vya alumini laini vya kuzungusha. Hakuwa akivitafuta. Mikono yake ilizoea mbao na udongo. Hata hivyo aliubeba mfuko ule hadi kwenye karakana yake, ukakaa humo miezi kadhaa, naye hajui atavifanyia nini.

Ndipo siku moja akaanza kuvibamiza na kuvikunja, akavitoboa, akaviunga kimoja kimoja kwa waya wa shaba. Leo, akisaidiwa na vijana wengi, huunganisha maelfu ya vifuniko katika kazi moja iliyo pana kama ukuta wa nyumba. Rangi nyekundu, nyeusi na dhahabu hujikunja kama kitambaa cha kente, kile ambacho baba yake alikuwa akikifuma kijijini kwao Anyako, nchini Ghana. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimtunuku tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote.

Nimeisoma habari hii sambamba na somo letu, na macho yangu yamebaki kwenye ule mfuko na ile miezi.

Mahali pale penye majani mengi, wanaume wapatao elfu tano walikula mikate mitano ya shayiri, mkate wa maskini, na samaki wawili. Wakashiba. Haja ilikuwa imekwisha. Lakini Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, ili kisipotee chochote. Wakainama majanini wakaokota, vikajaa vikapu kumi na viwili. Vilikwenda wapi vikapu vile? Yohana hasemi. Sababu pekee tuliyopewa ni kwamba kisipotee kitu. Kipande kiliokotwa kabla hakijapewa kazi.

Sisi tumezoea kinyume chake. Mtu kwanza atuonyeshe faida yake, ndipo tumwinamie. Kijana amefeli mitihani, tunauliza atafaa nini. Mzee amepooza, ziara zinapungua. Bibi zetu walituzidi: chungu kilipovunjika, hawakuharakisha kukitupa, maana walijua iko siku kigae chake kitachukua makaa ya moto kutoka kwa jirani.

Nawakumbuka akina mama wanaokuja kwangu kwa sababu ya pombe. Mwana ameuza kitanda, amepoteza kazi, analala mtaroni. Swali huwa lilelile: Mchungaji, huyu atabadilika kweli? Mama yangu, sijui. Ninachokijua ni kwamba mfuko wa Nsukka ulikaa miezi bila jibu, na ulikaa ndani, haukurudishwa kichakani. Mpakulie sahani yake. Litaje jina lake katika sala ya jioni. Kumtunza si kuficha kosa lake, wala si kuvumilia kipigo; pale penye hatari tafuta msaada wa wazee, wa daktari na wa sheria. Lakini jina lake lisitoke kinywani mwa nyumba.

Na akirudi, tusimdai afute alikotoka. Ukisogea karibu na kazi za Anatsui, bado unayasoma majina ya pombe kwenye vifuniko. Mwenyewe ameeleza kwamba pombe hiyo inakumbusha biashara ya Wazungu na Waafrika, na meli zilizobeba watumwa. Hakuyasugua majina yakatoka. Aliyaunga yakawa sehemu ya kitambaa. Injili nazo hazikufuta usiku ambao Petro alimkana Bwana. Tunausoma hadi leo, na mtu yuleyule tunamwita nguzo ya kanisa. Kinachobadilika ni kwamba kifuniko hakiko peke yake tena. Kimeshikwa pande zote. Waya ule, wapendwa, ni sisi. Ni jumuiya inayobisha hodi Jumanne, siyo Jumapili tu.

Nimalizie na jambo lililonigusa kuliko yote. El Anatsui, aliyezaliwa mwaka 1944, alifiwa na mama yake angali mtoto. Jamaa yake, mchungaji wa Kipresbiteri, alimchukua akamlea katika nyumba ya misheni. Aliyempokea mtoto yule mlangoni hakuweza kujua mikono ile midogo ingekuja kufanya nini. Kulikuwa na mtoto asiye na mama, na hilo lilitosha. Miaka mingi baadaye, mtoto aliyepokelewa aliinama kichakani akachukua kilichotupwa.

Wiki hii, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye tumeacha kumuulizia. Tusiende na mpango juu yake. Twende kumjulia hali.

Tuombe. Ee Bwana, wewe waijua kazi ya kila kipande, sisi hatuijui. Ulituinamia tulipokuwa hatufai kitu. Tupe mgongo unaoinama, tupe nyumba yenye nafasi ya kungojea, na wale tuliowaacha majanini uturudishe kwao kabla jua halijatua. Amina.